Jani la Njiani

Wamama wa dawa wa Kasongo wana sheria moja wasiyoichezea: mzizi bila jani lake hauingii chunguni. Ukichimba, unauleta na jani lake, umefungwa kwa kamba ya mgomba. Halafu wewe uliyechimba unakunywa wa kwanza, mbele ya wote, na hakuna anayegusa kitu mpaka kivuli cha jiko kifike kwenye kinu. Sheria hiyo waliiweka mwaka waliomzika Jeannette, aliyekunyweshwa mzizi usio wenyewe. Maana ile dawa nyekundu ya tumbo la uzazi ina mwenzake porini: ngozi ileile, harufu ileile, hata utomvu uleule. Tofauti ni jani tu. La dawa lina manyoya chini, la mwenzake ni laini. Jina la huyo mwenzake hawalitaji, na mimi pia silitaji.

Émérance aliijua sheria hiyo kuliko wengi. Yeye ndiye aliyemwosha Jeannette.

Lakini mzazi ni mzazi. Binti yake Darlène, kule Lusangi, alikuwa na siku kumi na mbili tangu ajifungue, na tumbo lilimkata mpaka akawa anauma kitenge asilie. Vidonge vya farmasi vilikwisha, maumivu yakabaki. Jumanne Émérance akachukua jembe, akaingia porini. Akakuta nini? Majivu. Wawinda simbiliki, wale panya wakubwa wa porini, walikuwa wamechoma mlima mzima, na upande wa pili wachimba dhahabu wameugeuza mashimo. Alizunguka mpaka miguu ikavimba. Mwishowe akaona kisiki kimoja cheusi, akachimba, akakwangua ngozi, akanusa. Ni yenyewe, akajiambia. Jani halikuwepo, lakini mtu wa miaka ishirini kwenye kazi hii atashindwa kwa ajili ya jani? Kiburi hicho, jamani, ndicho kinachonichoma mpaka leo.

Akaugawa mzizi. Nusu alimpondea Darlène, akamwambia aichemshe asubuhi, anywe kikombe kizima. Nusu akaitia kikapuni, kwa sababu Jumatano ilikuwa zamu yake kupeleka dawa Kasongo.

Kulipokucha akapanda moto, pikipiki ya kukodi. Njiani dereva aliposimama kukaza mnyororo, Émérance akaona mmea wa dawa umesimama kando ya barabara, mzima, majani yake na manyoya yake. Ungedhani angeuchimba ule. Dereva alikuwa anamharakisha, naye mzizi si anao tayari? Akachuma jani moja, akalifunga kwenye mzizi wake.

Saa saba mchana wamama walikuwa wamekaa nyuma ya nyumba ya mama Subira, mkubwa wao. Subira aliligeuza lile jani, akalipapasa kwa kidole gumba.

“Jani ni zuri. Lakini muzizi unanuka moshi.”

“Walichoma pori, mama.”

“Moto ulikula kisiki, ukaacha jani?”

Wamama wakacheka. Émérance naye akacheka.

“Ulivitoa pamoja?” Subira akauliza tena. Yeye hakuwa amecheka.

“Pamoja.”

Subira akachemsha, akachuja, akampa kikombe. Kila mara anapompa mtu kikombe husema neno lilelile, na siku hiyo pia alilisema: “Mficha maradhi, kifo humuumbua.” Émérance akanywa mafunda mawili, moyo wake mtulivu kabisa, akaketi kungoja kivuli.

Kilianza mdomoni. Midomo ikakakamaa kama ya mtu aliyetafuna ndizi mbichi. Akajiambia ni uchovu wa safari. Kisha ncha za vidole zikafa ganzi, na alipotazama kinu, kivuli kilikuwa bado hatua nzima. Hofu ikamshika, tena si kwa ajili yake. Yeye alikunywa mafunda mawili. Darlène aliambiwa kikombe kizima, tangu asubuhi.

“Jani nilichuma njiani,” akasema.

Hakuna aliyemgombeza. Subira alimshika taya, akammiminia mafuta ya mawese, akamtapisha pale pale chini. Mwenzao Hidaya akatafuta namba ya mume wa Darlène, Jean-Paul, akapiga. Kule Lusangi rezo ya simu inapatikana juu ya kichuguu tu, ukishuka umepotea. Bahati, au sijui niiite nini, Jean-Paul alikuwa juu yake. Hidaya akaiweka simu sikioni mwa Émérance.

“Mama! Nilikuwa natafuta kukupigia,” Jean-Paul akasema, sauti yake imejaa furaha. “Dawa yako ni ya kweli. Alikunywa yote. Maumivu yameisha, sasa iko analala. Na mutoto, toka alipomaliza kunyonya, naye kimya tu. Siku zote hizi, ni leo tumepata kupumzika.”

Émérance alitaka kusema waamshe. Ulimi ulikuwa mzito mdomoni, ukatoa mlio tu.

“Mama? Sikusikii vizuri, rezo ni mbaya.”

Subira akaipokonya simu. “Jean-Paul, ni Subira, sikia—”

“Tutaongea jioni, Mama. Acha nishuke, nisije nikawaamsha.”

Akakata. Subira akapiga tena, na tena, na kila mara simu ikamjibu kwamba mtu huyo hapatikani. Kivuli kilikuwa kimefika kwenye kinu.