Wembe wa Nyumbani

Muhonja hakujua kumpaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa, ingawa mafuta ndiyo yaliyokuwa kazi yake. Mteja akija mlangoni pake pale mtaa wa Jericho na utosi uliokwanguka kwa kusukwa kwa nguvu miaka nenda miaka rudi, alimwinamisha kichwa kwenye mwanga, akamwambia wazi: "Hapa hapaoti tena, dada. Nikikuuzia nitakuwa nakuibia. Lakini huku pembeni bado kuna uhai. Huku tutapigania." Wengine walinuna wakaenda zao. Wengi wao walirudi, tena na dada zao.

Biashara ilikuwa yake na bintiye, Jacklyne. Muhonja, mwenye diploma ya upishi na usimamizi wa hoteli, ndiye aliyeyeyusha siagi ya shea kwenye sufuria iliyokaa juu ya maji ya moto, akaichanganya na mafuta ya nazi na ya mbarika. Ikishapoa, Jacklyne aliipiga kwa mashine ya keki mpaka ikafura na kuwa nyepesi, kisha akaijaza vikoponi. Kazi nyingine ya Jacklyne ilikuwa kuwa na nywele. Ndiye aliyekuwa kwenye picha ya kila kifuniko, amegeuza uso nusu, nywele zake zimefumka kama mwavuli. Wateja walipouliza kama dawa hii kweli inafanya kazi, Muhonja hakujibu. Alimwita tu binti yake atoke nje.

Mwaka uliopita Jacklyne alipoteza mtoto. Alikuwa na mimba ya miezi saba, na mtoto alizaliwa kimya. Wazee wa nyumbani, kule Maragoli, walisema kwa simu kwamba mtoto ambaye hakulia hawekewi matanga. Basi hakukuwa na turubai, hakukuwa na chai ya waombolezaji, hakukuwa na siku ile ya baada ya mazishi ambapo ukoo hukaa chini, nywele zikanyolewa na maneno ya kumkumbuka marehemu yakasemwa. Walimzika asubuhi, watu watatu, wakarudi nyumbani. Muhonja akabandika sufuria jikoni, kwa kuwa hakujua kitu kingine cha kufanya na mikono yake.

Jacklyne aliendelea kufanya kazi, lakini aliongea kama mtu anayelipia kila neno. Hatimaye rafiki yake mmoja wa chuo akampeleka kwa kikundi cha watu waliokutana kila Jumapili jioni kufuata mafundisho ya Buddha. Walikaa chini, wakafumba macho, wakafuata pumzi zao.

"Halafu?" aliuliza Muhonja.

"Halafu basi, Mama. Tunakaa."

"Mnakaa. Hata kuku hukaa, lakini ana mayai chini yake."

Jacklyne alicheka. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka baada ya miezi mingi, na kwa sababu ya kicheko hicho Muhonja, mshirika wa kanisa asiyekosa Jumapili, hakupinga. Mume wake Zedekiah, aliyekuwa mtunza ghala Industrial Area, alisema tu kwamba dini ya watu wanaonyamaza haiwezi kuwa mbaya sana.

Sasa kikundi kilitaka kufanya mafungo ya siku kadhaa kule Tigoni, katika nyumba ya wageni ya watawa wa Kikatoliki. Mwalimu angekuwa mtawa wa kike kutoka Sri Lanka. Kazi ya kupanga akapewa Jacklyne, na haikupita siku moja kabla Muhonja hajaiteka nyara.

"Chakula cha jioni ni nini?"

"Hakuna. Baada ya saa sita mchana hatuli."

"Na mwenye vidonda vya tumbo?"

"Huyo ataruhusiwa uji."

"Basi uji uwe wa wimbi na uwe mzito. Sitaki mtu azimie halafu iandikwe kwamba ni mimi nilipanga. Na sabuni?"

"Isiyo na manukato. Hakuna kujipaka manukato wala kujiremba."

Muhonja akaweka kalamu chini. "Jacklyne. Unawapeleka watu mahali ambapo hawatapaka kitu tunachouza?"

"Ni siku chache tu, Mathe. Hawatakauka."

Jirani yao Mama Akech, aliyehamia hapo Januari kutoka Kariobangi, alisikia neno mafungo kupitia ukutani, akaja na shuka lake kabisa. Alidhani ni kesha la maombi. Alipoelezwa kwamba hakutakuwa na nyimbo, wala mahubiri, wala kuongea, alikunja shuka lake polepole. "Kunyamaza hivyo si nitalala? Hapana, mimi Mungu wangu anataka nipige kelele ndiyo ajue niko."

Yote hayo Muhonja aliyamudu. Kilichomnyima raha ni kitu alichokisoma mwenyewe kwenye simu, alipokuwa akitafuta kama watu hawa wanakula mayai. Alisoma kwamba anayetaka kuwa mtawa wa Buddha hunyolewa kichwa chote, huacha nyumba na kazi, na kwamba hapokelewi mpaka wazazi wake watoe ruhusa. Akakisoma tena. Huyo mtawa wa Sri Lanka, kwenye picha, alikuwa na kichwa kinachong'aa kama bakuli. Jacklyne alikuwa mtoto wake wa pekee. Tangu hapo Muhonja akawa anamtazama binti yake kila anapochana nywele, kama mtu anayetazama nguo kwenye kamba na mawingu yanakuja.

Jumamosi ya mwisho kabla ya safari walikuwa uani, mashine ya keki ikinguruma, siagi ikianza kugeuka nyeupe. Jacklyne akaizima mashine.

"Mama, kuna jambo. Mwalimu amesema lazima niombe ruhusa kwako."

"Hapana," alisema Muhonja.

"Hujasikia ni nini."

"Nimesoma. Hapana. Mwambie Mwalimu wako nimekataa, na baba yako amekataa, hata kama hajaulizwa. Nimekupikia uji wa mafungo, nimekutafutia magodoro, nimenunua sabuni isiyonuka. Lakini mtoto wangu siwapi. Nina mmoja."

"Nani amesema unanitoa?"

"Si kunyolewa? Kweli au uongo?"

Jacklyne akashika nywele zake kwa mkono mmoja. "Ni kunyolewa, ndiyo."

"Haya. Umeona."

"Ni kunyolewa tu, Mama! Nani amekwambia nataka utawa? Mimi niamke saa kumi alfajiri maisha yangu yote?" Sauti yake ilipanda, kitu ambacho Muhonja hakuwa amekisikia kwa muda mrefu. "Nilimwomba Mwalimu kwa simu aninyoe siku ya mwisho. Akakataa. Akasema watu wa mafungo hawanyolewi, hiyo si sehemu yake, akaniuliza kwa nini nataka. Nikamwambia. Ndipo akasema nije nikuulize wewe kwanza."

"Ukamwambia nini?"

Jacklyne akakaa kwenye kreti la soda. Hakulia. Alisema akitazama bakuli la siagi.

"Babu alipokufa tulinyolewa wote. Nikiwa darasa la nne. Nilitembea shuleni na kipara na kila mtu akajua, hata mwalimu mkali wa hesabu hakunigusa wiki hiyo. Mtoto wangu amekufa na kichwa changu kiko kwenye kifuniko, nimetabasamu. Watu wananisimamisha sokoni, wanazishika, wananiambia, dada, umebarikiwa nywele. Nawaambia asante. Kila siku, asante. Nilitaka mahali pamoja tu, mtu mmoja aninyoe."

Muhonja alisimama na mwiko mkononi. Alifikiria vikopo vilivyopangwa chini ya kitanda, vyote na uso ule. Alifikiria pia wale wazee kwenye simu, namna walivyosema maneno yao haraka, kama watu wanaoharakisha kukata kabla muda wa simu haujaisha, na yeye akasema sawa.

"Kwa hiyo unataka mgeni akunyoe," alisema mwishowe. "Mtu wa Sri Lanka. Hata hajui kwetu ni wapi."

"Mama, tafadhali."

"Hapana. Nimekataa. Kunyolewa kwa msiba ni kazi ya nyumbani, haifanywi Tigoni."

Aliingia ndani. Jacklyne alisikia droo ikivutwa, kisha nyingine. Muhonja akatoka na beseni la maji, sabuni, kitambaa, mkasi wa kukatia lebo, na wembe mpya ambao bado ulikuwa kwenye karatasi yake.

"Inama."

"Na biashara?"

"Inama, nimesema. Picha ni picha. Nitawaambia wateja ukweli, kama ninavyowaambia kila kitu. Asiyetaka aende akanunue ya dukani."

Alianza na mkasi. Nywele ziliangukia kwenye simenti kwa mafungu mazito, na Muhonja, aliyezilisha mafuta kwa miaka mingi, hakuzitazama. Alipofika kwenye wembe mkono wake ukawa mwepesi. Alinyoa kuanzia kwenye paji la uso kwenda nyuma, akifuta na kitambaa.

"Kwetu mtu hanyolewi kimya," alisema. "Maneno husemwa. Haya, sema. Alikuwa nani?"

Jacklyne akashika ukingo wa beseni. "Alikuwa mvulana."

"Hilo najua. Nilimbeba. Sema nisilojua."

"Alikuwa hapendi omena. Nikila tu, anarusha teke."

"Basi kwa huyo ningepata taabu, na visamaki hivyo ndivyo ninavyopika kila wiki," alisema Muhonja. Akasuuza wembe. "Endelea."

Jacklyne akaendelea. Alisema jina alilokuwa amemchagulia, Frankline, ambalo hakuwahi kumwambia mtu. Alisema jinsi mtoto alivyokuwa akimwamsha alfajiri, na jinsi alivyotulia kila wanakwaya walipofanya mazoezi kwenye ukumbi wa kanisa. Alikuwa bado anaongea, na nusu ya kichwa chake ni nyeupe kwa povu, wakati Mama Akech alipotokea kwenye geti la ua akiwa na kikapu cha mboga.

Mama Akech aliona nywele kwenye simenti, akaona wembe. Uso wake ukabadilika. Kwao pia, kule Siaya, walijua maana yake.

"Mama Jacky," alisema kwa sauti ya chini, "nani ametuacha?"

Wembe ukasimama. Jacklyne hakuinua kichwa, lakini Muhonja aliona mabega yake yamekaza, yanasubiri.

"Mjukuu wangu," alisema Muhonja. "Frankline. Ni mwaka jana, lakini hatukuwaambia watu."

Mama Akech akaweka kikapu chini, akafungua kitambaa chake kichwani, akavuta kiti, akakaa kama mtu aliyefika matangani.