Rafu ya Kuku

Mtu akitaka kuua kitabu hahitaji kiberiti. Anahitaji kipande cha lebo, gundi kidogo na mkono usiotetemeka. Bi Kadi alikuwa na vyote hivyo, na zaidi ya hapo alikuwa na sababu.

Jina la Bi Kadi alipewa na wenzake wa kazini. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa amekaa chumba cha nyuma cha maktaba, akipokea vitabu vipya, akivigonga muhuri, akivipa namba na kuviandikia kadi za droo, zile ambazo msomaji huzipekua akitafuta kitu. Namba iliyo kwenye kadi ndiyo huandikwa kwenye lebo ya mgongoni mwa kitabu, ili mtu akitoka kwenye droo aende moja kwa moja mpaka kwenye rafu. Namba hizo zikitofautiana, kwisha habari. Kitabu kitakuwemo ndani ya jengo, kizima, na hakuna atakayekipata, maana kati ya vitabu elfu arobaini nani ana muda wa kuangalia kimoja kimoja? Wanaojifunza kazi aliwafokea kwa kosa hilo mpaka wengine wakaenda kulia chooni.

Yeye mwenyewe alilifanya mara moja tu, kwa makusudi, siku mdogo wake alipoleta kitabu alichokiandika.

Mdogo wake alikuwa mwalimu wa shule, kitindamimba wa mama yao, mtu wa maneno laini na mikono laini zaidi. Alikuwa ameandika juu ya ugonjwa wa mama, ile miaka sita aliyolala kitandani baada ya upande mmoja wa mwili kupooza. Alikileta kimefungwa kwenye kitambaa kama mtoto mchanga, na mkutubi mkuu akafurahi, akaagiza kiingizwe mara moja. Bi Kadi alikisoma siku hiyo hiyo, mlango umefungwa. Kurasa mia mbili na kumi na mbili. Mama yumo. Daktari yumo. Hata paka wa jirani yumo, tena kapewa ukurasa mzima. Yeye hayumo.

Sasa tuulizane. Nani alikuwa akimgeuza mama kila baada ya saa mbili asipate vidonda? Nani alifua zile shuka? Nani alirudisha pete ya uchumba kwa sababu mwanamume alisema yeye anaoa mke, haoi hospitali? Kitindamimba alikuwa akirudi nyumbani jioni akitoka shuleni, anavuta kiti dirishani, anamshika mama mkono na kumsomea gazeti. Mama akisikia hatua zake alitabasamu kwa ule upande wa uso uliobaki. Binti aliyeingia na beseni hakutabasamiwa, kwa kuwa beseni lilimkera mama. Na kwenye ukurasa wa kumi na tisa yule bwana akaandika, bila haya: "Tulikuwa wawili tu, mama na mimi."

Roho ilimwuma Bi Kadi mpaka akashindwa kula. Jioni alimfuata mdogo wake nyumbani akamwuliza kwa nini amefutwa. Mdogo mtu alicheka, akamshika bega.

"Dada, wewe huwezi kubanwa kwenye kitabu cha mtu mwingine. Chako nakiandika. Hicho ndicho cha pili."

Bi Kadi alijua anapopakwa mafuta kwa mgongo wa chupa. Ahadi za namna hiyo alikuwa akipewa na huyu mtoto tangu akimbeba mgongoni. Kesho yake aliandika kadi kwa mwandiko wake mzuri, namba ya habari za maisha ya watu, sahihi kabisa. Kwenye lebo ya mgongoni akaandika namba ya ufugaji wa kuku. Akakibeba mwenyewe, akakichomeka kati ya kitabu cha ugonjwa wa mdondo na kitabu cha kujenga mabanda.

"Kaa hapo," alikiambia.

Mwezi haukupita, mdogo wake akaja. Akafungua droo, akaiona kadi, akaenda kwenye rafu, akakosa. Alirudi chumba cha nyuma kuuliza, na Bi Kadi, bila kuinua kichwa, akamjibu kuwa kimeazimwa. Lilikuwa jibu la kumwondoa tu. Hakutarajia ule uso. Mwanamume mzima mwenye mvi za pembeni alikaa kwenye boksi la vitabu, akajifuta machozi ya furaha kwa tai ya kazini.

Basi ikawa ndiyo desturi. Kila mwezi anakuja, kila mwezi kimeazimwa. Aliwatangazia walimu wenzake, akawaambia majirani, akaanza kuamka alfajiri kuandika hicho cha pili. Kifua kikamtanuka, hata mwendo ukabadilika. Kitabu kilikuwa kimezikwa kwenye mavi ya kuku na mwenye kitabu ananenepa! Bi Kadi alitamani kujing'ata. Raha yote ile ilikuwa imetoka kinywani mwake mwenyewe, na kila alipotaka kuikatiza alikuta amechelewa.

Mwaka wa pili ulipokaribia kwisha, mdogo wake alikuja na uso mwingine. Alisema amebakiza sura ya mwisho na amekwama. Usiku halali, anajiona anawapotezea watu muda. Kwa hiyo alitaka jambo moja dogo: akione kitabu chake, afungue ile karatasi ya tarehe iliyobandikwa nyuma, pale wanapogonga muhuri kila kinapoazimwa.

"Nikiiona hiyo mihuri nitamaliza," alisema. "Nisipoiona, dada, nakuambia kweli, naacha. Sitashika kalamu tena."

"Njoo Ijumaa," Bi Kadi akamwambia. "Kitakuwa kimerudi."

Ndani ya moyo alikuwa anacheka. Miaka miwili alikuwa akiisubiri hiyo karatasi nyeupe bila kujua kwamba anaisubiri. Alipotoka mdogo wake, alikwenda kwenye rafu ya kuku kukichukua kitabu, naye hakukitambua. Jalada lilikuwa limelegea, kurasa zimeshika alama za vidole, na katikati ya sura ya nne mlikuwa na punje za chakula cha vifaranga. Akafungua nyuma. Karatasi ya tarehe ilikuwa na mihuri kumi na tisa.

Alikwenda kwenye dirisha la kuazimia akauliza, sauti kavu, ni nani hao. Mwenzake wa dirishani alimwambia hicho ni kitabu cha wafugaji. Mmoja alikichukua kwa makosa akidhani ni cha kuku, akarudi analia, akawaambia wenzake, na sasa wanapokezana.

Angeweza kukiacha hivyo hivyo. Kazi ilikuwa imefanyika yenyewe na yeye hakuhitaji kunyanyua hata kidole. Mdogo wake angekuja Ijumaa, angehesabu mihuri kumi na tisa, angekwenda kumaliza sura yake. Bi Kadi alilifikiria hilo kwa muda mrefu, hilo tumpe haki yake. Halafu akaikumbuka "wawili tu", akawasha birika.

Karatasi ya tarehe hubanduka vizuri kwa mvuke, ukiwa na subira. Aliibandua bila kuichana, akabandika mpya, nyeupe pe, akaigandamiza chini ya kamusi kubwa. Akalikaza jalada kwa gundi na kulifuta kwa kitambaa chenye maji, akaondoa alama za vidole kwa kifutio, akapukuta zile punje, akazinyoosha pembe za kurasa. Lebo nayo akaibadili, akaandika namba sahihi, mwenye kitabu asije akagundua kitu. Karatasi ya zamani hakuitupa. Mtu wa kazi ile hatupi karatasi. Aliitia kwenye droo ya meza akafunga kwa ufunguo.

Ijumaa mdogo wake alifika amevaa shati la harusi. Alikipokea kitabu kwa mikono miwili, akafungua nyuma, akatazama. Akageuza ukurasa, labda iko mbele. Akarudi nyuma tena.

"Dada, hii wamebadilisha?"

"Ni ile ile ya siku ya kwanza."

"Si uliniambia kimeazimwa? Kila mwezi uliniambia."

"Nilikuwa nakuonea huruma," alisema Bi Kadi.

Mdogo wake alitikisa kichwa polepole, kama mtu anayekubali bei.

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja."

Alikifunga kitabu, akakiweka juu ya meza, akakilaza sawasawa na ukingo. Kisha akamshukuru dada yake kwa kumfichia aibu kwa muda wote huo, akatoka. Bi Kadi alingoja ile raha. Ilikuja kweli, wala haikuwa ndogo, ikakaa mpaka saa ya chai. Baada ya hapo alikipeleka kitabu kwenye rafu yake ya haki, habari za maisha ya watu, akarudi kazini.

Wiki mbili baadaye wifi yake alipita maktaba akitoka sokoni. Alisema mumewe haongei, anasahihisha madaftari na kulala. Zile karatasi zake zote, rundo la miaka miwili, amempa bwana wa duka la vyuma afungie misumari.

"Nilimsihi angalau akupe wewe usome," wifi alisema. "Si ni habari zako tupu?"

Bi Kadi alifikiri amesikia vibaya, akamwomba arudie. Wifi akarudia. Alisema kuna siku mumewe alikuwa akiandika huku machozi yanamdondoka, akimwuliza, hivi dada alikuwa na umri gani aliporudisha pete.

Hakumaliza kumsikiliza. Alitoka na viatu vya ndani, akakata mitaa miwili mpaka duka la vyuma. Mwenye duka alikuwa mtu mwema, akatafuta chini ya meza, kwenye ndoo, nyuma ya mizani. Alisema karatasi zile zilikuwa nzuri, nzito, hazichaniki, kwa hiyo zimekwisha upesi. Mafundi wamezibeba kila mahali. Zilibaki tatu. Mbili zilikuwa zimelowa mafuta, maandishi yametapakaa. Ya tatu Bi Kadi aliisoma amesimama kati ya makoleo na mabomba.

"Shuka la bluu," mdogo wake alikuwa ameandika, "dada alilifua kabla ya kupambazuka ili mama asipate aibu mbele yetu. Nilimsikia kila siku. Nilijifanya nimelala, kwa sababu ningeamka ningelazimika kumsaidia. Sikumwandika kwenye kitabu cha kwanza kwa sababu ningemwandika ningelazimika kujiandika na mimi. Siku aliyorudisha pete nilikuwa nyuma ya mlango, na nilichotaka kumwambia ni"

Ukurasa uliishia hapo.

Alimwuliza mwenye duka kama anakumbuka ni nani aliyefungiwa misumari kwa ukurasa uliofuata. Yule mtu alimtazama kwa huruma, akamwuliza kama anataka kukaa kidogo.

Alipofika maktaba alimkuta mgeni mlangoni mwa chumba chake, mwanamume mwenye buti za mpira, kofia mkononi. Walikuwa wamemwelekeza kwake kutoka dirishani. Alisema kitabu chao kimepotea kwenye rafu ya kuku, kile cha mama aliyepooza, na zamu ilikuwa yake. Bi Kadi alikwenda kukileta. Mfugaji alikipokea akakipangusa kwa kiwiko, ingawa kilikuwa safi.

"Huyu mwandishi anapatikana wapi, mama? Tuko wengi, tunataka kwenda kumshika mkono."

Bi Kadi aliutazama ufunguo wa droo ya meza yake. Karatasi ya mihuri kumi na tisa ilikuwa hapo, hatua mbili. Ingetosha kuibeba mpaka kwa mdogo wake. Ingetosha, na mdogo wake angeuliza ilitoka wapi.

"Amefariki," alisema.

"Pole. Hakuacha kingine?"

"Hakuacha."

Mfugaji akaizungusha kofia mkononi.

"Mke wangu alilala mwaka mzima, mimi ndiye nilikuwa nafua," alisema. "Kwa hiyo nikisoma humu naona shuka ni safi kila ukurasa. Kitabu hakisemi, lakini kuna mtu alikuwa anafua. Huyo naye yuko wapi?"

"Naye amefariki pia," alisema Bi Kadi.

Akamnyang'anya kitabu kwa upole, akafungua nyuma, na kwa kuwa mwenzake wa dirishani alikuwa ameondoka kwenda kula, akachukua muhuri mwenyewe akagonga tarehe ya kwanza kwenye ile karatasi nyeupe.