Mzunguko Bila Breki

Saa kumi kasorobo alasiri, theluji ya ziwani ikiwa imeziba nusu ya madirisha, Lamont Pettway, fundi wa ukumbi wa baiskeli, alikuwa amepiga magoti kwenye kona ya mwisho, akipiga msasa ubao uliotoa vibanzi. Ukumbi ule zamani ulikuwa kiwanda cha kugonga mabati ya milango ya magari. Sasa ndani yake mna vilima vya mbao, madaraja membamba kama mgongo wa samaki, na kona zinazopanda ukuta, na watu wa Cleveland huja kuendesha humo baiskeli za milimani majira yote ya baridi, maana nje hata mbwa hatoki kwa hiari.

Emil Hruska aliingia kwa lango la magharibi na kopo lake la chakula. Alikuwa amefariki miaka mingi iliyopita. Alikung'uta theluji kwenye buti, akaenda moja kwa moja ukutani penye kibao cha shaba, akavua kofia, akasoma: "Hapa alifia Andy Sabo, kwa uzembe wa mwenzake aliyesahau kuvuta breki." Mwenzake huyo ni Emil.

"Nisamehe, Andy," alisema, kama asemavyo kila siku. Kisha akaketi kwenye benchi chini ya kibao na kufungua mkate wake wa soseji. Huula nusu tu. Nusu ya pili humkwama.

"Mzee Emil, inua miguu nifagie," alisema Lamont.

"Fagia tu. Ila mwanangu, kila ukifagia vumbi linaongezeka."

Juu ya jukwaa, Loretta, binti wa Emil, alikuwa akifunga kofia ngumu chini ya kidevu. Loretta ni dereva wa basi la shule, mvi zimeshamwingia, na magoti yake hulia ngazi zikiwa ndefu. Lakini mpandishe kwenye baiskeli umwone. Magoti hunyamaza.

Humo ukumbini hakuna anayeshuka njia bila kusema kwa sauti, "Naingia," ili walio chini wampishe. Desturi hiyo ni kongwe kuliko baiskeli zenyewe. Wafanyakazi wa mashini walisema neno lilelile kabla ya kutia mikono chini ya chuma, na mwenzao akavuta breki ili chuma kisishuke.

Njia ndefu ina tabia yake. Mtu akiiteremka vizuri, mwendo ukimwagika kama maziwa kutoka kwenye jagi, bila kugusa breki, mashini za kale hurudi mahali pake na kuanza kazi. Akigusa breki, hutoweka. Waendeshaji wameshazoea. Wanacholalamikia ni kelele.

Loretta alikuwa akiijaribu njia hiyo tangu majani yapukutike. Alitaka kuona mashini ya baba yake ikifanya kazi hadi mwisho, ajue siku ile ilikuwaje. Lakini Sabo hutia mkono chini ya chuma wakati mwendeshaji anafika kona ya mwisho, ile inayopanda ukuta, na hapo vidole vya Loretta hukamata breki vyenyewe. Chuma, Sabo na baba kijana, wote wanapotea.

"Bi Loretta," Lamont alimwita kutoka chini, "leo unashuka, au unangoja watoto wapande kwanza?"

"Ninangoja fundi wa vibanzi atoe matako yake njiani."

Lamont alisogea. Emil akainua uso. "Kitendawili."

"Tega, baba."

"Ukimshika anakuangusha, ukimwachia anakubeba."

"Huyo ni mwendo. Unanitegea huyo huyo tangu nina meno ya utotoni."

"Basi mbona unamshika?"

Loretta aliielekeza baiskeli njiani. Alisema, "Naingia."

Alishuka. Hakukanyaga pedali hata mara moja. Kila kilima alikipa uzito wake kikishuka na kuuchukua kikipanda, mikono ikikunjuka na kukunjika taratibu, kama mtu anayekanda unga asiotaka kuuamsha. Kwenye daraja jembamba matairi yalitoa sauti ya kitambaa kinachochanwa. Aliporuka, alilaza baiskeli ubavuni hewani, bila haja yoyote, kwa uzuri tu, akainyoosha kabla ya mbao kumdai. Vijana walioshika baiskeli zao pembeni waliacha kutafuna.

Mashini zikarudi. Kelele ikajaa. Katikati ya vilima, Emil kijana alisimama kwenye kituo chake, na Andy Sabo mbele yake.

"Naingia," alisema Sabo.

Loretta alikuwa anaingia kona ya mwisho. Ukuta ukamjia. Vidole vyake vikabaki wazi.

Emil kijana alivuta mkono wa breki. Aliuvuta kwa mikono miwili, na ukaja mwepesi kama mwiko kwenye uji, kwa kuwa haukuwa umeshikana na kitu. Mnyororo wake ulikuwa umetundikwa kwenye msumari ukutani, chini ya kofia ya msimamizi, maana breki ilikuwa ikichelewesha kazi. Chuma kikashuka.

Loretta akatoka konani, akatua kama paka anayeshuka mezani.

Vijana walipiga mbao kwa viganja, ndivyo wanavyosifu humo. Emil alikuwa amesimama.

"Nilivuta," alisema.

"Ulivuta, baba. Mnyororo walikuwa wameutoa."

"Kwa mikono miwili."

"Tumeona sote, mzee," alisema Lamont. "Kaa ule."

Emil aliketi, akaumaliza mkate wote, akakung'uta makombo, na jioni akaenda zake.

Asubuhi Lamont alikwenda kwa wenye jengo akiwa na bisibisi mfukoni. Walimsikiliza kwa heshima. Walisema hawana shaka na alichoona, wao wenyewe wamesikia habari za mashini. Lakini kibao ni sehemu ya historia ya jengo, na waliokiweka walishafunga kampuni, hivyo hakuna wa kuombwa ruhusa ya kukiondoa. Wakampa kahawa.

Wafu hawana jana. Wanalojua ni lililochongwa.

Saa kumi kasorobo Emil aliingia kwa lango la magharibi, akakung'uta buti, akavua kofia, akasoma.

"Nisamehe, Andy."

Akaketi, akafungua kopo. Juu ya jukwaa Loretta alimtazama hadi alipofika nusu ya mkate na kuacha kutafuna. Akapulizia vidole pumzi ya moto, akaviondoa kwenye breki kimoja kimoja.

"Naingia," alisema, na walio chini wakampisha.