Gego la Kushoto

"Fungua mdomo, mama. Zaidi kidogo. Hapo hapo."

Fundi cherehani alifungua mdomo na kufumba macho, na mwanafunzi wa mwaka wa nne akamwinamia na kioo chake kidogo. Jino lilikuwa gego la chini, limetoboka juu, lakini kuta zake bado zilikuwa nzima. Kwa dakika moja alisahau kwamba hata yeye alikuwa na gego kama hilo, upande wa kushoto, na kwamba tangu alfajiri lilikuwa likimpwita hadi sikioni.

"Ling'oe tu, mwanangu," alisema fundi kioo kilipotoka. "Nimechoka nalo."

"Haling'olewi, mama. Jino linalookoleka haling'olewi."

Maneno hayo yalibandikwa ukutani juu ya sinki, na kila mwanafunzi aliyakariri kabla hajaruhusiwa kushika koleo. "Tutaua mshipa, tutasafisha mizizi, tutaziba. Utalitafunia mpaka uwe bibi wa watu."

"Mbona bibi nimeshakuwa? Hebu niambie, vifaa nanunua mimi?"

Hapo ndipo mazungumzo yalipokwama kila siku. Katika kliniki ya wanafunzi kazi ilikuwa bure, lakini ganzi, sindano nyembamba za kusafishia mizizi na dawa ya kuzibia alinunua mgonjwa mwenyewe, katika duka lililotazamana na geti. Muhula huu duka lilikuwa limepandisha bei tena, bila hata kuona haya, maana lilijua watu wake hawana pengine pa kwenda. Fundi alisema ataenda kuongea na mwanawe, kisha arudi mchana. Akaondoka ameshika shavu. Mwanafunzi akavua glavu, naye akashika lake.

Wakati wa mapumziko alikwenda kwenye dirisha la kadi za afya. Karani alikuwa anakoroga chai.

"Kadi haitibu meno, dada."

"Ni maumivu, kaka. Usiku kucha sijalala."

"Nakuelewa. Lakini meno yamewekwa kwenye fungu la urembo, pamoja na nywele za bandia. Sikuyaweka mimi."

"Chuo hikihiki kinanifundisha kwamba huu ni ugonjwa."

"Basi mmalizane huko na chuo chako." Karani alionja chai, akaongeza sukari. "Kwani si mko wengi huko? Tibianeni."

Alitamani kumjibu, lakini mdomo uliuma. Kinachoudhi ni kwamba karani alikuwa amesema kweli bila kujua. Mwanafunzi kumtibu mwenzake iliruhusiwa, ila vifaa vilikuwa vilevile na duka lilikuwa lilelile. Wiki iliyopita, alipozidiwa, alisimamisha kioo juu ya bomba la maabara, akajikwangua tundu mwenyewe na kulijaza kwa makombo ya dawa ya muda yaliyobaki mezani. Siku mbili alipumua. Kisha maumivu yakarudi na ndugu zao.

Kwenye ngazi alimkuta Faru. Ndivyo darasa lilivyomwita, kwa ukubwa wa mabega, ingawa hakuna aliyekuwa na mikono mipole kama yake. Alikuwa ameketi ameshika kichwa.

"Mgonjwa wangu haji," alisema Faru. "Yule mlinzi. Eti jino limeacha kuuma, atalitibu likianza tena. Na mtihani wangu wa mizizi ni sasa hivi."

Faru alikuwa amekwisha rudia mwaka mmoja. Anayerudia mara mbili hufungasha, akarudi kwao.

"Kwenye mtihani vifaa si vinatoka chuo?" aliuliza dada yule.

"Vyote. Hata ganzi."

Wakatazamana. Faru alisimama taratibu, kama mtu anayeogopa kumwaga kitu.

"Dada, gego lako!"

"Twende kabla sijabadili mawazo."

Alipojilaza kwenye kiti, kwa mara ya kwanza akiitazama taa ile kutoka chini, alihisi furaha ya ajabu, ya kitoto kabisa. Jino litapona leo. Atalala. Mtahini aliingia na koti lake lililonyooshwa kwa pasi, mtu mzima mwenye macho ya kukosa usingizi, akaomba kioo. Alitazama muda mrefu.

"Nani ameziba hapa?"

Kweli dada yule hakuwa amelifikiria hilo. Akilini mwake makombo yale hayakuwa matibabu, yalikuwa kilio tu.

"Mimi, daktari. Kwa kioo."

"Kazi safi," alisema mtahini, na hakuwa anakejeli. "Lakini jino la mtihani sharti liwe halijaguswa. Nitapimaje alivyolifungua yeye, kama wewe ulishaanza kulifungua?"

"Ni dawa ya muda tu, daktari."

"Kuguswa ni kuguswa." Alivuta kiti, akaketi. "Nimeandika mara ngapi kwamba wanafunzi wetu watibiwe bure humu ndani? Wananijibu bajeti. Kila mwaka, bajeti." Akamgeukia Faru. "Mtihani wa kung'oa nao hujafanya. Leo hauna mgonjwa. Mkitaka, nitauhamishia hapa. Hamtaki, utasubiri kikao kijacho, na wewe unajua hali yako."

"Hapana, daktari," alisema Faru. "Hili linaokoleka."

"Naliona."

Yule dada aliitazama taa. Alikuwa na hasira, lakini hasira haikupata mtu wa kumkalia. Mtahini hakuwa mbaya. Faru ndiyo kabisa. Na hata akiinuka sasa, akaondoka na jino lake kwa heshima, atakwenda nalo wapi? Litamwuma usiku huu, na kesho, mpaka lioze lote, kisha litang'olewa vilevile, na Faru atakuwa amerudi kwao.

"Ling'oe," alisema.

"Dada, usifanye kwa ajili yangu."

"Faru, nimechoka nalo."

Sindano ya ganzi iliingia, mdomo ukawa mzito. Kabla ya koleo, mtihani ulitaka mtahiniwa aseme sababu ya kung'oa, kwa sauti.

"Sababu?" aliuliza mtahini.

Majibu ya kukubalika yalikuwapo na Faru aliyajua yote.

"Mgonjwa hana uwezo, daktari."

"Kitabuni hiyo haimo."

"Najua, daktari."

Mtahini alitazama dirishani, kisha sakafuni. "Endelea," alisema.

Dada yule hakusikia maumivu, alisikia sauti tu, mfupa ukiachana na kilichokuwa chake. Faru alilitikisa polepole, nje na ndani, akipumua kwa mdomo, na gego likatoka zima, mizizi yote miwili, bila kuvunjika hata ncha. Kazi ya kupigiwa makofi. Macho ya Faru yalikuwa yamejaa machozi, na dada yule akampigapiga mkono kama vile Faru ndiye aliyeng'olewa.

"Umefaulu," alisema mtahini, akatoka haraka.

Mtunza maabara alipita na chupa yake. Kila jino lililong'olewa humo liliishia katika chupa hiyo, wanafunzi wa mwaka wa pili wajifunzie. Alilichukua kwa kibano, akalizungusha.

"Hili tamu! Mizizi imenyooka. Wadogo zenu watalifurahia."

Kwenye benchi la ukumbini fundi cherehani alikuwa amekwisha kurudi. Aliinuka alipomwona yule dada.

"Mwanangu amesema hana, na mimi sina. Basi ning'olee tu, tuachane." Kisha akaona shavu lililovimba na pamba iliyotokeza mdomoni. "Ee! Na wewe umeng'oa? Si ulisema haling'olewi?"

Alitaka kueleza. Ulimi haukumtii, na hata ungemtii, angeanzia wapi? Aliona aibu, aibu ya kweli, kama mtu aliyekamatwa akiuza kitu kibovu.

"Nisubiri, mama," alisema kwa shida.

Maabarani hapakuwa na mwanafunzi. Mtunza alikuwa anaosha meno ya siku hiyo kwenye beseni.

"Nataka kufanya mazoezi ya mizizi," alisema dada yule. "Nipe gego ulilolichukua sasa hivi. Na boksi zima la vifaa."

Mtunza hakushangaa. Alifungua kabati. Ndani yake maboksi yalipangwa mpaka juu, mapya, yamefungwa nailoni: ganzi za kujifunzia kudunga, sindano nyembamba, dawa za kuzibia, zilezile za dukani. Kwa meno ya chupani vilikuwa bure. Chuo kiliviagiza kila muhula na havikuwahi kupungua.

Alilipokea gego kiganjani. Kwenye tundu, ile dawa yake ya muda ilikuwa bado imeshika vizuri. Alilitazama kidogo, akalirudisha kwenye beseni. Kisha akaliweka boksi ndani ya koti lake jeupe na kufunga vifungo.

"Wee!" alisema mtunza. "Vifaa haviruhusiwi kutoka humu. Ni vya hayo meno."

"Hilo halina haraka tena, kaka."

Mtunza alitazama beseni, akatazama shavu la msichana, akatazama pamba. Mikono yake ilikuwa imelowa na aliipangusa kwenye aproni kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

"Sasa mimi nitaandika nini?"

"Andika gego moja la chini, kushoto," alisema, akiwa tayari mlangoni. "Limetibiwa."

Akaenda kumwita mama aliyekuwa benchini.