Foleni ya Mizani

Madereva wenzake walimwita Cherehani, kwa sababu alikuwa fundi wa kushona kwa miaka kumi na moja kabla ya kwenda kusomea leseni ya malori. Walidhani ameingiwa na tamaa ya barabara. Barabara gani! Mtu alikuwa amemkumbuka mkewe, basi.

Mkewe alikuwa muuguzi, amehamishiwa hospitali ya mji mdogo huko kusini na kupangiwa chumba kimoja na wenzake watatu. Cherehani angemfuata akashone nini, na mafundi wa huko wako wengi kuliko nguo? Miaka miwili sasa walikuwa wakionana likizo kwa likizo, kama wanafunzi wa bweni.

Leseni ilipotoka, akapata waajiri wawili kwa mpigo. Kampuni moja ilikuwa na malori mapya, kabini zina kiyoyozi na kitanda, lakini yote yalielekea kaskazini. Wa pili alikuwa mzee wa nafaka mwenye malori matatu yaliyochoka, na aliyafuatilia kwenye simu yake ili dereva asisimame ovyo.

"Uliza unachotaka," mzee alimwambia.

"Ile mizani ya kusini tunaipita?"

"Kila Alhamisi."

"Foleni yake je?"

"Saa mbili, siku mbaya hata nne. Lakini wewe! Wenzako huuliza posho, wewe unauliza foleni?"

Lango la hospitali lilitazamana na mizani ile. Mwalimu wake wa udereva aliposikia amemchagua nani, alimwambia amerogwa.

"Pengine," alijibu, na akaenda kuweka sahihi.

Alhamisi ya kwanza mkewe aliomba ruhusa ya saa mbili kazini. Cherehani alifika mchana, amenyoa ndevu, roho juu juu. Mbele yake hapakuwa na gari hata moja. Akapanda mizani, akapimwa.

"Uzito sawa. Toa gari," karani alisema.

"Foleni iko wapi?"

"Imekwisha, kaka! Tumefungiwa mashine mpya Jumatatu. Dakika tatu tu unaondoka."

Pembeni palikuwa na dereva aliyezidisha uzito, amezuiwa tangu asubuhi, analaani dunia nzima. Cherehani alimwonea wivu.

Ndipo akamwona mkewe akivuka barabara mbio, na sare yake ya kazi. Nyuma honi zilikuwa zinapigwa. Akaingiza gia ya kwanza na kuliacha lori litambae, mkewe akitembea ubavuni, mkono ameunyoosha juu mpaka dirishani.

"Umekonda," mkewe alisema.

"Na wewe pia."

"Unakula lakini?"

"Nakula."

Maneno yote aliyoyapanga tangu alfajiri yalimkimbia. Aliushika ule mkono na kuendesha kwa mmoja, jambo ambalo mwalimu wake angemfukuzia darasani. Kizuizi cha mbele kikainuliwa.

"Mwambie tajiri wako," mkewe alisema akihema, anacheka na machozi yanamtoka, "wiki ijayo azidishe hata magunia mawili."

Kisha mkewe akamwachia mkono.