Sauti ya Ardelia Tillery

Mwanamke aliyenyoosha mkono safu ya nyuma hakuwa na swali. Nilimpelekea kipaza sauti, akakisukuma pembeni, akasema kwa sauti iliyofika hadi mlangoni:

"Huyo kuku uliyetuonyesha ni mama yangu."

Watu wakaangua kicheko. Nilikuwa nimealikwa kwenye maktaba ya Inglewood kuzungumzia kazi yangu ya kuokoa katuni za zamani zisioze, na nilikuwa nimetoka kuonyesha kipande cha katuni ya miaka ya arobaini. Humo kuku mnene anayeitwa Mama Dovey anawagombeza vifaranga wake jikoni.

Yeye hakucheka. "Sauti, nasema. Ardelia Tillery. Jina lake hawakuliandika popote, lakini walionilea waliniambia ni yeye. Mimi ni Odessa, mwanawe. Alifariki nikiwa mdogo hata sura yake siikumbuki. Hiyo sauti ndiyo urithi wangu."

Nilijua jambo ambalo yeye hakulijua.

Watu walipotawanyika nikamfuata. Alikuwa na bintiye Renita, mwanamke wa makamo aliyevaa sare ya madereva wa treni za mjini. Nikawaeleza kadiri nilivyoweza. Mama Dovey alichorwa na kuandikiwa maneno ili watu weusi wa majimbo ya Kusini wachekwe. Katuni ilipopelekwa kwenye televisheni miaka ya sitini, wenye studio waliogopa lawama. Hawakumuuliza mtu mweusi hata mmoja. Waliifuta sauti ya awali, wakamlipa mwigizaji mzungu aseme upya maneno yote. Sauti aliyoisikia kila Jumamosi asubuhi tangu usichana wake, na aliyoisikia tena siku hiyo, ilikuwa ya mwanamke mwingine kabisa.

"Ungenyamaza tu," Renita akaniambia kwa hasira. "Ungepungukiwa na nini?"

"Mwache, Renita." Bi Odessa alikaa kwenye kiti cha karibu, mkoba mapajani. "Miaka yote hiyo nimekaa mbele ya televisheni nikimpenda mama wa watu." Akanitazama. "Haya, Ines. Wangu yuko wapi?"

Nikaanza kumtafuta. Kampuni inayomiliki katuni ile ilikuwa imeitupa sauti ya awali zamani. Nilizipigia simu hifadhi za filamu, nikawasumbua wakusanyaji wa mikanda, na kila mmoja akawa na ile ile ya televisheni. Majira ya baridi yakapita. Kisha mzee mmoja wa Fresno, Orrin Stahlke, aliyewahi kuwa fundi wa kupatanisha sauti za piano, akapokea simu yangu na kusema kwa ukali:

"Ninayo. Mkanda wa kabla ya televisheni. Lakini siutumi kwa posta, wala simpi mtu wa studio. Rafiki yangu aliwapa wake wautazame tu, akaletewa wakili wa kumnyang'anya. Mnaoutaka, njooni."

Tukaenda watatu kwa gari la Renita, tukaupanda mlima hadi ukungu ukatumeza, tukashukia upande wa mashamba ya lozi. Bwana Stahlke alitupokea kwenye gereji yake. Palinuka siki, kama panavyonuka popote filamu inapoanza kuoza. Alituonyesha viti vya kukunja karibu na mashine ya kukatia nyasi, akaanza kuvisha mkanda kwenye projekta huku akinung'unika kwamba umekauka na unaweza kukatika wakati wowote.

"Mzee," Renita akasema, "huyu mama yangu ni binti wa huyo kuku."

Mikono ya mzee ikasimama. "Binti wa nani?"

"Wa huyo unayemfunga hapo."

Alimtazama Bi Odessa. Kisha akaingia ndani ya nyumba, akarudi akihema, amebeba kiti kikubwa cha sebuleni. "Hicho cha kukunja kitakuumiza mgongo," akasema. "Kaa hapa, mama."

Akazima taa.

Sauti iliyotoka ilikuwa nzito, yenye mkwaruzo, yenye haraka. Sauti ya mtu aliyezoea kuongea huku mikono ina kazi. Haikufanana hata kidogo na ile ya televisheni. Nilimtazama Bi Odessa kwenye mwanga wa picha. Alikuwa amekaza uso.

"Simjui," akanong'ona. "Nilidhani nikimsikia tu mwili utasisimka. Wala. Ni mwanamke tu anaongea."

Pale kwenye pazia Mama Dovey akakanyaga unga uliomwagika, akateleza jikoni nzima, akaanguka kwenye beseni. Akacheka. Kicheko kilianza puani kama filimbi, kikashuka kama mtu anayeteremka ngazi mbio, kikaishia na "huuu!" ndefu ya kuchoka.

Renita akaushika mkono wa mama yake. "Mama, ni wewe!"

"Mimi nini?"

"Kicheko! Ni chako hicho! Kanisani wanakijua, mtaani wanakijua, mpaka mbwa wa jirani anakijua!"

"Mimi sicheki hivyo."

"Mama!"

Bwana Stahlke alisimamisha mashine. "Nitairudia hapo mara moja," akasema. "Moja tu."

Akairudia. Kuku akateleza, akaanguka, akacheka, na Bi Odessa, aliyekuwa amefumba mdomo asikose hata pumzi, akashindwa. Kikatoka puani kama filimbi. Kikashuka ngazi. Gereji ikawa na vicheko viwili, kimoja cha spika na kimoja cha kitini, na mimi nisingeweza kuapa kipi ni cha nani. Alipofika kwenye ile "huuu!" akawa analia tayari, na Renita amemkumbatia.

Baadaye, tukinywa kahawa, mzee akasema aliupata mkanda ule kwenye duka la kamera lililokuwa likifungwa. "Wanangu kila siku ya kuzaliwa walidai Mama Dovey. Bila Mama Dovey keki hailiwi."

Bi Odessa akaweka kikombe chini. "Kwa hiyo wanao wamekua na sauti ya mama yangu, na mimi sikuipata."

Mzee akainamisha kichwa.

"Na walicheka?" Bi Odessa akauliza.

"Mpaka soda iliwatoka puani."

"Basi heri. Angalau alipata watoto wa kumchekea. Mungu akubariki kwa kumtunza."

Tulipoondoka, mzee aliniwekea kopo la filamu mapajani, akafunga mlango wa gari kwa mkono wake mwenyewe.

Kwenye maabara nilipitisha sauti kwenye mashine ya kusafisha. Kelele zote za mkanda uliochakaa zikatoweka, na pamoja nazo ule mkwaruzo wa koo. Ikabaki sauti laini, isiyo ya mtu. Nikafuta kazi nzima nikaanza tena, nikaacha kelele kiasi, ili Ardelia abaki.

Katuni haikuweza kuonyeshwa bila ruhusa ya kampuni, nayo ikatuita. Kuna mahali kwenye katuni jiko linalipuka, uso wa Mama Dovey unakuwa mweusi, na jogoo anamtupia mzaha wa kuwatusi watu weusi. Wengine mezani walitaka kipande kile kikatwe, wengine katuni nzima ifungiwe.

"Bi Odessa, hatutaki kumuumiza mtu," akasema mkubwa wao.

"Mmechelewa, baba. Tuliumia zamani," akajibu. "Mama yangu alijua anachekwa. Lakini kazi nyingine aliyokuwa nayo ni kufua nguo za watu, na alipenda kuigiza. Mlishamfuta mara moja ili mjisafishe ninyi. Msimfute tena. Semeni mwanzoni kwamba ni tusi, semeni kama watu wazima. Halafu mwacheni aongee. Na jina lake liandikwe."

Walibishana wiki kadhaa. Mwisho walikubali: maelezo mbele, hakuna kinachokatwa, na jina la Ardelia Tillery kwenye orodha ya waigizaji.

Ilionyeshwa kwenye ukumbi mdogo wa sinema mtaani Leimert Park. Bwana Stahlke alikuja na binti yake mkubwa, mwanamke mnene mwenye mvi aitwaye Gretl, ambaye aliketi kando ya Bi Odessa. Maelezo yalipopita na picha kuanza, Gretl, ambaye hakuwa ameitazama tangu utotoni, akaanza kuyasema maneno ya Mama Dovey taratibu, kila neno likimtangulia kuku, na machozi yakimtiririka.

Bi Odessa akamshika mkono. "Nyamaza kidogo, mwanangu," akamwambia. "Namsikiliza mama."

Gretl akanyamaza. Mkono wake haukuachiwa mpaka taa zilipowaka.