Muhuri wa Tokuji

Tarehe kumi na tatu Agosti, siku wafu wa kijiji wanaporudi makwao, Shizuno alilichomekea tango njiti nne likawa farasi wa kuwaleta upesi, akaliweka mlangoni. Mumewe hakuwa maiti. Aliondoka na kasa kwenda kuishi na binti mfalme chini ya bahari, ila aliona haya kuja peke yake, kwa hiyo kila mwaka alidandia msafara wa wafu.

Tokuji aliingia saa kumi alasiri, kijana wa miaka ishirini na sita, akichuruzika maji. Shizuno alikuwa na sabini na minne.

“Biringani tena?” Tokuji aliuliza, akiketi. “Si jana tu tumekula biringani?”

Huko aliko, mwaka wa nchi kavu ni siku moja. Alikula zote.

Shizuno alimwekea karatasi ya talaka. Bila muhuri wa mume, ambao ndio sahihi yake, ofisi ya mji haiipokei. Kumwandika kuwa amepotea walikataa pia, maana karani mwenyewe humwona kila Agosti na kumsalimu. Na mke asiyeachwa huzikwa kaburi la ukoo wa mume, pamoja na mama mkwe. Huyo, Ine, enzi za uhai wake alirudia kuosha kila bakuli lililooshwa na Shizuno. Shizuno alitaka kulala kwa mama yake mzazi, basi.

“Piga muhuri.”

“Umo humu.” Tokuji alikumbatia kisanduku chake cheusi. “Nikikifungua nazeeka papo hapo, mke wangu.”

“Kwani mimi sijazeeka hapa mbele yako?”

“Siku arobaini na nane tu, umenuna hivyo! Kesho nitamwomba binti mfalme ruhusa.”

“Kesho yako sifiki. Daktari kaniambia moyo umechoka.”

“Basi utatangulia kwa mama,” Tokuji alisema kwa upole. “Anakupenda sana yule.”

Desturi ni kuwarudisha wageni kwa ng’ombe wa biringani, waondoke taratibu. Lakini ng’ombe alikuwa ameshaliwa. Shizuno akamsukumia lile tango, na Tokuji akaondoka mbio, kisanduku kwapani.

Shizuno alipangusa maji sakafuni, akakunja karatasi, akapeleka vyombo jikoni. Ine, aliyekuja na msafara uleule na ambaye angekaa siku zote tatu za wafu, alikuwa ameshakunja mikono ya kimono.

“Hili bado lina mafuta,” alisema Ine, akimnyooshea bakuli.

Shizuno akalipokea.